Chupa Iliyobaki Nyeupe: Shajara ya Mradi wa Maji ya Korona, Bonde la Pangani

Juni 3, Korogwe

Leo tumeanza rasmi kupima maji ya korona, ile mashine inayoponda majani ya mkonge kutoa nyuzi zake, singa. Tuko wanne: mimi, fundi sanifu wa maabara katika shule ya sekondari, mwenzangu anayefundisha kemia, na vijana wawili waliomaliza kidato cha sita, wanasubiri kwenda chuo. Mfadhili hatuna. Tuna chupa, tuna kemikali za kutosha vipimo kama sitini, na mto Pangani uko jirani.

Swali letu lilitoka kwenye jedwali. Kwa miaka mingi Benki ya Dunia ilichapisha takwimu za uchafu wa kikaboni ambao viwanda vya kila nchi huuingiza majini, ikaugawa kwa asilimia: chakula na vinywaji, nguo, karatasi, kemikali, metali, mbao, vigae na vioo, na vinginevyo. Ukisoma haraka unadhani kuna mtu aliyekwenda na ndoo akachota kwenye kila bomba. Hakuna aliyekwenda. Njia waliyoieleza Hettige, Mani na Wheeler mwaka 1998 ni ya kuhesabu wafanyakazi. Unachukua idadi ya walioajiriwa katika aina fulani ya kiwanda, unaizidisha kwa kilo za uchafu kwa mfanyakazi mmoja kwa siku. Kilo hizo zilipatikana kwa vipimo vya nchi kumi na kadhaa, zikiwemo Brazili, India, Ufini, Uholanzi, Thailand na Marekani. Afrika kusini mwa Sahara haimo hata nchi moja.

Sababu yao ninaielewa. Waligundua kwamba uwiano wa uchafu kwa mfanyakazi katika aina moja ya kiwanda haupishani sana kutoka nchi hadi nchi, na wakati huo nchi nyingi zilikuwa na orodha za ajira kuliko vipimo vya maji. Ni kazi ya watu makini. Lakini mimi nimekulia kambi ya mkonge, na mfereji uliopita nyuma ya nyumba zetu ulinuka kuliko kiwanda chochote nilichokuja kukiona ukubwani. Nataka kujua kama mfereji ule umo ndani ya jedwali.

Juni 9

Siku ya kuchanganya kemikali, na ya kuwaeleza vijana tunatafuta nini.

Niliwaambia hivi: uchafu wa kikaboni kwa sehemu kubwa si sumu, ni chakula. Chukua sufuria iliyopikiwa uji, ijaze maji, iache mpaka asubuhi. Nani ameweka sumu humo? Hakuna, ila ukifunua unasogea nyuma. Bakteria wamekula mabaki ya uji na wakati wa kula wamevuta oksijeni yote iliyokuwa ndani ya maji. Ikiisha, wanaingia wale wasiohitaji oksijeni, na hao ndio wenye kutoa harufu ya yai viza. Mtoni ni vilevile. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25 haiwezi kubeba zaidi ya miligramu 8 hivi za oksijeni. Ni akiba ndogo mno. Sukari, wanga, damu, maziwa, utomvu wa majani, vyote vikiingia kwa wingi vinaimaliza kwa saa chache, na samaki wanakufa kwa kukosa pumzi.

Kipimo chake ni BOD: oksijeni ambayo bakteria wanaihitaji kuula uchafu huo kwa siku tano, gizani, kwenye nyuzi 20. Siku tano hizo zina historia yake. Tume ya Kifalme ya Majitaka ya Uingereza, katika ripoti yake ya mwaka 1912, ilizichagua kwa kuwa mito ya kwao haichukui zaidi ya muda huo kufika baharini. Mto wetu una kilomita karibu 500 na njiani unalala kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, lakini kipimo ni kilekile duniani kote, nasi tunakifuata. Kiwango cha Tanzania kwa maji yanayotoka kiwandani, TZS 860, ni miligramu 30 kwa lita, basi.

Kupima oksijeni yenyewe tunatumia njia ya Winkler ya mwaka 1888. Mita ya kisasa hatuna, na kwa kweli kwa kufundishia sitaki nyingine. Unajaza chupa mpaka shingoni bila kiputo hata kimoja. Unatia manganizi salfeti, kisha iodaidi yenye alikali. Hapo hapo inaanguka mashapo kama theluthi ya chupa. Kama maji yana oksijeni, mashapo yanakuwa ya kahawia, rangi ya udongo wa kichuguu. Kama hayana, yanabaki meupe kama tui. Kabla ya kutia asidi, kabla ya hesabu yoyote, jicho limeshajua.

Vijana walijaribu kwa maji ya bomba. Kahawia. Wakashangilia.

Juni 17

Kwanza kero, niimalize. Wiki iliyopita tulikwenda kwenye kiwanda kimoja cha vinywaji kuomba ruhusa. Tulisimama getini saa tatu kasoro, tukaambiwa meneja yuko kikaoni, kisha yuko safarini, kisha tuandike barua. Barua tumeandika. Nilitaka sana kulinganisha aina mbalimbali za viwanda, kama jedwali linavyofanya, na imeniuma. Tutaanza na mkonge.

Shamba moja limetukubalia. Jina lake silitaji humu. Tulikubaliana hivyo, na meneja ametupokea kwa heshima.

Asiyewahi kuona korona ikifanya kazi, aone hivi. Majani yanashushwa kwenye tela kwa matita, yanalazwa kwenye mkanda, yanaingia kati ya magurudumu mawili makubwa yenye visu butu. Visu havikati, vinapiga. Vinaliponda jani mpaka nyama yake yote ya kijani inatoka, huku maji yakimwagwa kwa nguvu kuiosha. Upande wa pili zinatoka singa, ndefu, za rangi ya maziwa yenye ukijani, zinabebwa kwenda kuanikwa kwenye waya. Chini ya korona kunapita kila kilichobaki: rojo, maganda, utomvu, maji. Kelele ni kubwa kiasi kwamba watu wanaongea kwa mikono.

Kwa kila tani moja ya singa kavu, mabaki ni karibu tani 25 na maji karibu mita za ujazo 100. Niliwarudia vijana mara mbili waelewe: tani moja ya kuuza, tani 25 za kutupa.

Tulimkuta mzee mmoja anayesimamia ulishaji. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba, mwanangu," akasema, akatunyooshea vidole. Kucha zake za mkono wa kulia zimelika mpaka nusu, ngozi kati ya vidole imepasuka. "Haya maji yana ukali wake. Ukiyazoea yanakuacha, ukirudi kutoka likizo yanaanza upya." Nilipochota sampuli bila glavu nikamwelewa kabla sijafika garini. Utomvu wa mkonge una tindikali, na una saponini, zinazowasha ngozi na kufanya maji yatoe povu jeupe kama ya sabuni mferejini.

Nakiri hapa jambo la kuandikwa mapema: saponini zenyewe zinadhuru samaki. Kwa hiyo maji ya mkonge hayaui kwa kunyima pumzi tu. Kipimo chetu kinaona nusu ya habari.

Papo hapo mferejini tulifanya Winkler ya kwanza. Maji ya kijani, yenye vuguvugu, povu juu. Tukatia manganizi, tukatia iodaidi, tukatikisa. Nyeupe. Mwenzangu akarudia. Nyeupe. Kijana mmoja akaniuliza kama kemikali zimeharibika, tukapima maji ya kunywa tuliyokuja nayo kwenye dumu: kahawia, safi kabisa. Basi akakaa chini kwenye ukingo, akaiangalia ile chupa nyeupe muda mrefu.

Juni 22

Mfululizo wa kwanza umeshindwa. Tulichanganya sampuli na maji ya kuzimulia katika chupa za mililita 300: moja kwa mililita 30 za maji ya mfereji, moja kwa 15, moja kwa 6. Leo, siku ya tano, zote nyeupe. Sheria ya kipimo inataka ibaki angalau miligramu 1 ya oksijeni mwishoni. Zikiisha zote hujui ziliisha jana au siku ya kwanza. Nilikuwa nimekadiria kwa mazoea ya maji ya choo cha shule. Kwa mkonge makadirio hayo hayatoshi hata kidogo.

Julai 2

Umeme umekatika tangu juzi saa nne usiku hadi jana adhuhuri. Inkubeta yetu ni jokofu kuukuu lenye kidhibiti joto. Tulipofungua ilikuwa nyuzi 27. Kwenye joto hilo bakteria wanakula haraka zaidi na hesabu inatoka kubwa kuliko haki. Tumemwaga chupa zote kumi na mbili. Sikutaka kuzimwaga, maana kemikali zinahesabika, lakini namba ninayoitilia shaka siwezi kuipeleka mbele ya meneja wa watu. Mwenzangu amepata betri ya gari na inveta kwa shemeji yake.

Julai 19

Imekubali.

Mara hii tulizimua kwanza mara kumi, kwa sababu kupima nusu mililita kwa pipeti za shule ni kujidanganya. Halafu tukaingiza kiasi sawa na mililita 3, 1 na 0.5 za maji ya mfereji, kila kimoja chupa mbili. Maji ya kuzimulia tuliyapitishia hewa usiku kucha kwa pampu ya tangi la samaki, tukatia chumvi zake, na mbegu ya bakteria kutoka mtoni kwenyewe. Pembeni tukaweka chupa za uhakiki, zenye glukosi na asidi ya glutamiki, ambazo zikifanyiwa haki hutoa BOD ya 198, si mbali na hapo. Zetu zimetoa 181. Imo ndani ya inayokubalika. Jokofu halikuzima.

Za mililita 3: nyeupe, zimekwisha. Za mililita 1: kahawia hafifu! Tukatia asidi, mashapo yakayeyuka yakawa rangi ya chai ya rangi, tukaanza kudondosha thiosalfeti kutoka kwenye bureti. Njano ikapauka. Tukatia wanga, ikawa bluu ya wino. Tone, tone, tone, na ghafla bluu yote ikaondoka kama mtu aliyefungua dirisha. Kwa vipimo vyetu kila mililita ya thiosalfeti ni miligramu moja ya oksijeni katika lita, kwa hiyo unasoma moja kwa moja.

Tukiondoa sehemu ya mbegu, chupa hizi zimepoteza 4.3 na 3.9. Wastani 4.1. Mililita 1 ndani ya 300, basi zidisha kwa 300: BOD ya 1,230. Za nusu mililita zimekubaliana nazo.

Nikawapa vijana hesabu kinyumenyume. Kama maji yale yangekuwa yanatimiza kiwango cha 30, chupa ya mililita 1 ingepoteza 0.1 tu kwa siku tano nzima. Yetu ilipoteza karibu nusu ya oksijeni yake yote, kwa kijiko kisichojaa cha maji ya mfereji.

Julai 27, Jumapili

Leo ndiyo siku niliyoisubiri. Korona inalala kuanzia Jumamosi mchana. Kule mfereji unapoingia kwenye kijito, kabla kijito hakijaufikia mto mkubwa, kuna bwana anayevua kwa ndoana, na alishatuambia kitu wiki mbili zilizopita: "Kati ya wiki napata kambale tu. Ukitaka perege, njoo Jumatatu alfajiri."

Kambale ana kiungo cha kumwezesha kuvuta hewa ya juu, perege hana. Bwana yule hajasoma biolojia popote, lakini ndoana yake ni kipimo.

Tulichota mara mbili, zote saa kumi na mbili asubuhi, maana alfajiri ndipo oksijeni huwa chini kuliko saa zote: mimea imepumua usiku kucha bila jua. Alhamisi, korona ikiwa kazini, mita 300 chini ya mfereji: nyeupe. Leo Jumapili, mahali palepale: kahawia ya chai yenye maziwa mengi, 2.1. Juu ya mfereji, ambako kijito hakijaguswa: 6.8.

Nimekaa na hizo chupa tatu kwenye jiwe, jua likiwa linatoka upande wa Muheza. Nusu siku na usiku mmoja wa kupumzika, na kijito kimeshaanza kuvuta pumzi. Sikulala vizuri kwa furaha.

Agosti 5

Leo tumepima wingi. BOD peke yake ni ukali, kama chumvi kwenye mchuzi; bila kujua ukubwa wa chungu hujui umetia chumvi kiasi gani.

Kifaa chetu ni chungwa. Chungwa linaelea likiwa limezama karibu lote, upepo haulisumbui, na likipotea hulilii. Mfereji una sehemu iliyonyooka iliyojengewa saruji: upana sentimeta 50, kina cha maji sentimeta 15. Tukapima mita 10 kwa kamba. Chungwa lilipita kwa sekunde 25 kwa wastani wa safari nane. Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa hiyo tunazidisha kwa 0.85. Inatoka kama lita 25 na nusu kwa sekunde, na kwa zamu ya saa 8 ni mita za ujazo 734.

Mzee wa korona anasema zamu nzuri inatoa tani saba hivi za singa. Tani saba kwa mita 100 kila moja ni mita 700. Chungwa na mzee wamesema kitu kimoja.

Sasa zidisha. Mita 734, kila moja ina kilo 1.23 za mahitaji ya oksijeni: kilo 900 kwa zamu. Binadamu mmoja huhesabiwa kutoa gramu 60 kwa siku chooni na jikoni kwake. Mfereji ule wa nusu mita ni sawa na choo cha watu 15,000.

Halafu nikarudi kwenye jedwali lililotuanzisha. Mle ndani wastani wa mfanyakazi wa kiwanda kwa nchi nyingi ni sehemu ndogo ya kilo kwa siku, tuseme 0.3 kwa ukarimu. Pale korona, zamu ile, tulihesabu watu 38. Watu 38 kwa 0.3 ni kilo 11.

Kilo 11 kwa karatasi, kilo 900 kwa chupa.

Nimeandika pembeni tahadhari zote, nazirudia hapa. Ni shamba moja, siku chache, kiangazi. Wastani wa viwanda vyote haukutengenezwa kwa ajili ya korona. Wale watafiti wenyewe walitaka kulinganisha nchi na nchi, hawakukusudia kuupima mfereji wa Korogwe. Nakubali yote. Ila kuna jambo la kina zaidi ya makosa ya kuzidisha, nalo ndilo linaloninyima raha: huyu mzee mwenye kucha zilizolika anaishi kambi ya shamba, analipwa na shamba, jina lake liko daftari moja na wakata mkonge. Anayejaza fomu ya ajira akimwandika mkulima, mfereji wote unafutika kwenye habari za viwanda. Maji yapo, harufu ipo, kambale yupo, jedwalini hakuna kitu.

Na si maji ya jana. Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliuleta mkonge mwaka 1893 kutoka Florida kupitia Hamburg. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani mjini. Mwaka 1964 nchi ilivuna karibu tani 230,000 za singa. Kwa mita 100 kila tani, ni mita za ujazo milioni 23 za maji ya korona kwa mwaka mmoja. Babu zetu waliopita humo kama manamba waliyakanyaga kila siku.

Agosti 19, Kibosho

Nimepanda Kilimanjaro kwa shughuli za ukoo, nikaona nisirudi mikono mitupu. Huku juu ndiko mto wetu unakoanzia, na ni msimu wa kahawa.

Shangazi wa mke wangu anamenya kahawa mbivu kwa mashine ya mkono nyuma ya nyumba. Nyekundu zinaingia juu, maganda yanatoka mbele, punje zenye ute zinaangukia kwenye ndoo. Anazivundika mpaka ute ulegee, kisha anaziosha maji matatu. Maji ya kwanza ya kahawa ni makali kupita hata ya mkonge. BOD yake huweza kufika 20,000. Nikamuuliza anayamwaga wapi. "Kwenye migomba, baba. Ningeyapeleka wapi?" Akanionyesha. Udongo mweusi, majani makavu ya mgomba, maji yanazama papo hapo. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, kinakula chakula chake, mto hauna habari.

Kahawa ileile ikichukuliwa kwenye mtambo mmoja wa kijiji, maji ya kaya mia mbili yanakutana kwenye mfereji mmoja, na kama mtambo uko karibu na korongo, kazi imekwisha. Ubora wa kahawa unapanda kweli, na bei pia, siwezi kumwambia mtu arudi nyuma. Lakini mtambo ulipojengwa, migomba ile iliyokuwa ikinywa maji hayo ilipaswa kujengwa pamoja nao, kwa umbo la shimo au bwawa. Na shangazi huyu, kama yule mzee, hayumo kwenye orodha yoyote ya wafanyakazi wa viwandani.

Ile barua ya kiwanda cha vinywaji haijajibiwa.

Septemba 11

Kikao na meneja wa shamba. Tulikwenda na chupa, karatasi tukaziacha mkobani.

Alianza kwa kusema maneno ninayoyasikia tangu utotoni: "Haya ni majani tu, mwalimu. Hakuna kemikali. Yanaoza yenyewe." Nikamwambia hapo amesema kweli tupu, na kuoza huko ndiko tulikokwenda kupima. Mwenzangu akafanya Winkler juu ya meza yake, chupa moja ya kisima cha ofisi, moja ya mfereji. Meneja alisogeza kiti. Zilipogawanyika, moja kahawia moja nyeupe, alinyamaza kidogo, kisha akauliza swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu: "Je, nikizuia rojo tu isiingie mferejini, nyeupe hii inabadilika?"

Tulimwambia kwa sehemu. Rojo ni kipande, lakini sukari iliyokwisha kuyeyuka haizuiliwi na wavu. Tukazungumza habari za Hale, mwendo mfupi wa gari kutoka hapa, ambako kulijengwa mtambo wa kugeuza mabaki ya mkonge kuwa gesi na umeme, kwa msaada wa UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda, na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa. Bakteria walewale wanaonyima mto pumzi wanafungiwa ndani ya tangi, wanatoa gesi, gesi inaendesha jenereta. Alikuwa anaujua. Fedha za mtambo kama huo hana, naye hakuzunguka kulisema.

Alichokubali ni hiki: kuweka wavu wa chuma chini ya korona, rojo ipakiwe kwenye tela kurudi shambani kuwa mbolea, na yale mashimo mawili ya zamani ya kuchimbia kifusi yafukuliwe, maji yapite humo polepole kabla ya kijito. Nikamkumbusha kwamba Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha kutiririsha majitaka, na ofisi ya Bonde la Pangani iko Moshi, anaweza kuanza nayo mazungumzo akiwa na kitu mkononi. Akaandika kwenye daftari.

Oktoba 7

Wavu umewekwa. Mashimo yamefukuliwa, la kwanza limejaa, la pili limefika nusu. Halijatoa maji bado. Mzee wa korona ndiye aliyeonyesha pa kulegeza mteremko ili maji yasikimbie, na alikuwa sahihi kuliko mchoro wetu.

Rojo inaondoka tela nne kwa zamu. Mfereji umebadilika rangi, kijani chake kimepauka, povu bado liko. Bwana wa ndoana anasema hajaona tofauti, namwamini.

Sitarajii 30. Nikipata nusu ya 1,230 nitashukuru, maana sukari na utomvu vilivyoyeyuka vinapita kwenye wavu kama kawaida, na mashimo mawili machanga hayana bakteria wa kutosha kwa wiki chache hizi. Mvua za vuli zikiwahi, vipimo vyetu vya kijito vitachanganyika na itabidi tusubiri kiangazi kingine. Kemikali zimebaki za vipimo kumi na moja.

Leo saa nne tumeingiza chupa nane kwenye jokofu: mbili za mfereji kabla ya shimo, mbili za kwenye shimo la kwanza, mbili za kijito, mbili za uhakiki. Betri imejaa. Kijana mmoja ameitwa chuoni, anaondoka Ijumaa, ameniomba nimpigie simu tukizifungua. Ni Jumapili, saa nne asubuhi.